Viatu Vilivyoanikwa Batini

Enzi zetu pale Mchikichini, kila mtoto mwenye akili alijua kwamba kiatu cha mtumba kikikubana, dawa yake ni kukianika juu ya bati. Kufika alasiri kimeongezeka namba mbili! Habari hii aliileta jirani yetu Athumani, niliyesoma naye darasa moja, nami niliisadiki kwa sababu Sayansi ilikuwa upande wake. Si ndiyo tuliyoimba darasani, "Vitu vikipata joto hupanuka"? Tuliimba mpaka wauza vitenge wa Kariakoo nzima wakaijua.

Tulikuwa na kanuni, jamani. Hisabati ilikuwa na MAGAZIJUTO yake, mabano kwanza, kutoa mwisho. Ukijumlisha kabla ya kuzidisha, chaki inakufuata kichwani. Uraia ulikuwa na haki na wajibu. Na shule ilikuwa na sheria kubwa kuliko zote: bila viatu vyeusi, geti hulivuki. Vijana wa leo ukiwauliza kanuni wanaiuliza simu. Sisi simu zilikuwa vichwani, na chaji haikuisha.

Basi nikateuliwa kuwakilisha darasa kwenye mashindano ya maswali, na viatu vyangu vilikuwa vimekufa kabisa. Nikirudishwa getini, nafasi inakwenda kwa Athumani. Mama akanipeleka sokoni. Nikaona jozi ya ngozi nyeusi inang'aa kama kioo cha kinyozi, ila ndogo.

"Hivyo vitakubana wewe."

"Vitapanuka, Mama. Ni kanuni."

"Haya, profesa. Ukichechemea usinililie."

Kutwa nzima jua la Dar lilivipiga batini. Jioni nikashusha dagaa wawili, wamekunjamana na kukakamaa. Asubuhi nikavikanyaga nyuma kama ndala, nikavuka geti kwa mwendo wa bata huku mwalimu wa zamu akinitazama miguu. Na swali langu likawa, wallahi, vitu vikipata joto hufanyaje?

"Hupanuka!" nikanguruma, vidole vikilia. Makofi yaliyolipuka yaliwashtua hata samaki wa soko la Feri. Tukashinda.

Leo viatu vyangu vyote vinanitosha, na hakuna anayenipigia makofi. Lakini fumbo la wale dagaa nililibeba mpaka nikaanza masomo ya jioni, mvi kichwani. Nikamsimulia mwalimu wetu, binti rika la mwanangu. Darasa zima likaangua kicheko. Yeye akangoja litulie.

"Mzee wangu, chuma kikipata joto hupanuka. Ngozi ina maji ndani yake, yakikauka, inasinyaa."