Wifi Aliniombea kwa Jina Langu na la Baba Yangu

Admin, naomba ufiche jina langu na mtaa wangu. Nina miaka ishirini na sita, nimeolewa, nina mtoto mmoja. Ni karani katika ofisi ya ghala hapa Louisville, Marekani. Sisi ni Warundi tuliokulia kambini Tanzania na huku tunajuana wote, kwa hiyo naandika kwa hofu.

Nilipojifungua nilichanika vibaya. Tangu hapo nikawa siwezi kuzuia haja kubwa. Kazini nilikaa karibu na mlango, sketi ya akiba mkobani. Zaidi ya mume wangu nilimwambia mtu mmoja tu, dada yake, wifi yangu anayeishi Columbus. Alinishika mikono, tukalia pamoja.

Tuna laini ya maombi. Jioni watu wetu wa Louisville, Columbus na Buffalo hupiga namba moja ya simu na kuomba pamoja. Siku moja nikamsikia wifi: "Wapendwa, tumkumbuke mke wa kaka yangu." Akanitaja jina, akataja na la baba yangu. "Haja inamtoka bila yeye kujua. Tuikemee hiyo roho." Laini nzima ikaitikia amina. Nilisimama na simu sikioni, maharage yanaungua.

Nilipomuuliza akanijibu, "Kwani nimekusengenya? Nimekuombea."

Baadaye tulikutana harusini Buffalo. Mama mmoja akawaambia vijana wa viti, "Huyu mleteeni cha plastiki. Hivi vya kitambaa tumekodi." Meza ikacheka. Wifi alicheka mpaka akafuta machozi. Nikakaa kwenye plastiki.

Mwaka huu daktari alinipandikizia kifaa kidogo chini ya ngozi, juu ya tako. Kwanza walinijaribu kwa waya wa muda, na walipoona unasaidia ndipo wakakiweka. Kinatuma umeme mdogo kwenye mishipa ya fahamu inayoongoza njia ya haja. Nausikia kama simu inayotetemeka mfukoni. Sijapona kabisa, ila ile sketi siku hizi inarudi nyumbani ikiwa imekunjwa vilevile.

Wifi alipopata habari za kifaa kwa kaka yake, akatangaza kwenye laini kuwa maombi yake yamejibiwa, na kwamba Jumapili nitatoa ushuhuda. Kesho yake akanipigia.

"Wifi, hicho kifaa kinauma?"

"Unamuulizia nani?"

"Rafiki."

"Rafiki gani?"

Nikasikia akifunga mlango. Kisha akasema, "Tangu nizae mapacha, wifi. Siku ile ya harusi nilikuwa nimekalia taulo. Nakuomba, hata kaka asijue."

Nilimwambia asijali. Nilikuwa natabasamu. Mungu anisamehe, ila sitaki anisamehe kabla ya Jumapili. Ameniomba namba ya daktari. Kila akipiga napokea, nasema bado naitafuta.

Kwenye laini yetu anayetoa ushuhuda hakatizwi. Wengine wote huzimiwa sauti mpaka yeye aseme amina. Nimeshafanya mazoezi mbele ya kioo: "Wapendwa, tumkumbuke wifi yangu." Halafu jina lake. Halafu la baba yake, kama alivyonifanyia.

Hapo ndipo ulimi unakwama kila mara, maana jina la baba yake ndilo tulilompa mwanangu.

Ninyi mliowahi kuaibishwa mbele ya watu wenu, nawasikiliza. Jumapili nimtaje, au nimpe namba ya daktari nikae kimya? Msiniambie nisamehe tu. Hilo nimeshaambiwa.