Siku moja ya chanjo ambayo Boke hakwenda

Saa tatu asubuhi, Boke Masatu anashona kola ya shati la shule. Chumba chake cha kazi kipo Bweri, mjini Musoma, kandokando ya barabara ya vumbi. Nje kuna joto, lakini yeye amejifunika blanketi magotini. Kila akimaliza upande mmoja wa kola anasimamisha cherehani na kunywa maji mafundo mawili matatu.

"Nikisahau maji, mwili unanidai," anasema. "Na ukianza kudai, haunaga huruma."

Boke, mwenye miaka 36, ana selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu. Ukimshika, mifupa ya miguu na mgongo humuuma kwa siku tatu, mara nyingine wiki nzima. Siku hizo hashoni, na asiposhona hakuna kinachoingia. Mwaka jana alilazwa mara nne.

Alizaliwa Butiama. Alipimwa akiwa na miaka tisa, baada ya mdogo wake wa kiume kufariki kwa ugonjwa uleule bila mtu kujua unaitwaje. Alikomea kidato cha pili. Mama yake alimpeleka Bunda kwa shangazi aliyekuwa fundi cherehani, na huko ndiko alikojifunza kazi inayomweka mjini hadi leo.

Ameishi peke yake kwa muda mrefu, ila kwa miaka sita alikuwa na mwenzake. Alikuwa mbwa wa rangi ya udongo, sikio moja limelala, aliyemchukua kwa dada yake Nyamburi kule Bukima. Alimleta mjini ndani ya mfuko wa vitambaa, akiwa bado anayumba akitembea.

Wateja ndio waliompa jina. Kila walipokuja walimkuta amekaa kando ya cherehani, anamtazama Boke akifanya kazi, wakamwita Meneja.

"Mtu ukiumwa kila mwezi, watu wanachokaga," anasema Boke. "Wanakuuliza, bado tu? Siwalaumu. Ila Meneja hakuwahi kuniuliza. Nilikuwaga nikilala na maumivu anapanda, anajilaza juu ya miguu yangu. Joto lake lile lilikuwa linafika mpaka kwenye mfupa."

Jirani yake, Salum Muzamil, muuza vitenge, hakuwa mtu wa mbwa. Meneja akipita, Salum alivuta kanzu yake pembeni. Lakini anaikumbuka vizuri asubuhi moja, miaka miwili iliyopita, mbwa huyo aliposimama mlangoni pa duka lake akabweka bila kukoma.

"Nilimfukuza, akarudi. Nikamfukuza, akarudi," anasimulia Salum. "Nikasema hapa kuna jambo. Kuingia kwa dada Boke, namkuta yupo sakafuni, hawezi hata kuita."

Salum alitafuta bodaboda na kumpeleka hospitali. Tangu siku hiyo alianza kumwekea Meneja maji kwenye kopo la rangi nje ya duka, ingawa hakumgusa.

Januari mwaka huu, gari lenye kipaza sauti lilipita Bweri likitangaza chanjo ya kichaa cha mbwa. Ilikuwa bure, ofisi ya kata, siku moja tu. Boke alikuwa na sare arobaini za kushona na shule zilikuwa zinafunguliwa. Salum alichungulia dirishani.

"Dada Boke, si umpeleke Meneja?"

"Nitampeleka kesho, kaka."

"Kesho hawapo. Wamesema leo tu."

"Basi awamu ijayo."

Boke anayarudia maneno hayo mawili, "awamu ijayo". Tangu alipoanza kliniki hajawahi kuruka hata siku moja ya vidonge vyake. "Kutoka hapa mpaka kata ni dakika kumi na tano kwa mguu," anasema. "Na siku ile wala nilikuwa siumwi."

Machi, mbwa mgeni aliingia mtaani akitokwa povu. Aling'ata mbuzi wawili, akamrukia Meneja na kumng'ata shingoni kabla vijana hawajamuua. Boke aliliosha jeraha la mbwa wake kwa sabuni, kwa vidole vyenye matundu ya sindano.

Afisa mifugo, Florian, alifika siku hiyohiyo akaomba kadi ya chanjo. Haikuwepo. Alimweleza Boke taratibu kwamba njia zilikuwa mbili: kumfungia Meneja miezi sita ndani ya banda imara, mbali na watu wote, au kumlaza kwa sindano asiamke tena.

"Banda unalo, dada?"

"Sina."

"Akianza kuugua usiwe karibu naye. Watoto wanapita hapa."

Boke aliomba nusu saa. Alikaa chini, kama mita moja kutoka alipofungwa Meneja, maana alikatazwa kumgusa tena. Mbwa alivuta kamba akitaka kumfikia. Hakuelewa kwa nini haitwi. Salum alifunga duka, akaja kusimama nyuma ya jirani yake mpaka kazi ilipokwisha.

Kwa sababu ya vidole vile, hospitali walimpa Boke sindano za kinga, moja baada ya nyingine kwa tarehe zake. Hakukosa hata moja.

"Mimi nilichanjwa, yeye hakuchanjwa," anasema. "Hilo ndilo linaloniuma, kuliko hata miguu."

Mei alishikwa tena. Alizungushia miguu chupa za maji ya moto, zikapoa, akazijaza tena. Anasema zinasaidia, lakini mtu lazima ainuke kuchemsha maji.

Siku hizi, kazi za wateja zikiisha, Boke anashona mikanda ya shingo kutokana na mabaki ya vitambaa vya sare. Amekubaliana na Florian kwamba kila mbwa atakayechanjwa awamu ijayo avishwe mmoja, ili mtaa mzima ujue yupi bado. Ameshafikisha mikanda sitini, na amewaambia wateja wote wenye mbwa kwamba atawapitia nyumbani kwao mwenyewe.

Nyamburi amempigia simu kutoka Bukima. Mbwa wake amezaa watoto watano, na mmoja amemwekea dada yake.

"Nimemwambia amtunze kwanza," anasema Boke, akirudisha mguu kwenye pedali. "Nataka nijue tarehe ya chanjo. Nikishaijua, nitakwenda kumchukua."