Vitumbua vya Wifi

Wifi yangu alipoletwa nyumbani kwetu Tunduma, kila mtu alimpenda isipokuwa mimi. Nasema mapema ili tusisumbuane. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye meno mazuri, na kaka yangu alimwangalia kama mtu aliyeokota redio. Hayo yote ningeyavumilia. Vitumbua vyake ndivyo vilivyonishinda.

Watu wa Pwani wakisikia kitumbua wanawaza mchele na nazi. Sisi tuliita vitumbua hata vile vya unga wa mahindi, na aliyetaka kubishana abishane huko kwao. Vilikuwa kazi yangu. Mama alikuwa akiuza vitenge mpakani na kurudi hoi, kwa hiyo jiko lilibaki mikononi mwangu tangu nilipomaliza darasa la saba. Baba alikuwa seremala. Akirudi jioni na vumbi la mbao kwenye nyusi, alitaka bakuli la maharage na pembeni yake vitumbua vya moto, akawa anang'ata kimoja, anachota maharage, anang'ata tena, bila kusema neno mpaka sahani iishe.

Nilivipika kama mama alivyonifundisha. Unachekecha sembe, unaimwagia maji ya moto, unatia chumvi na kitunguu, unakanda, unabonyeza kiganjani, unakaanga kwa mafuta kiduchu. Mama alianza ndoa yake miaka ile ya foleni, mafuta ya kula yalipokuwa ya kujuana na mwenye duka. Sasa madumu ya mafuta kutoka Zambia yalikuwa yamepangwa barabarani kila mahali, lakini yeye bado aliyapima kwa kijiko, na jicho lake halikuniacha. Vitumbua vyangu vilitoka vigumu kidogo, vyenye madoa ya kuungua. Baba alivila. Sekondari sikuchaguliwa, na mazungumzo ya nyumbani yalikuwa kaka hivi, kaka vile, kaka amevuka na lori, kaka amerudi. Kumpikia baba ndicho kitu pekee ambacho mtu akiuliza ningeweza kusema ni changu.

Wifi alitokea Isongole, kule Ileje. Kaka alikuwa bado hajamaliza kujenga, kwa hiyo wakapewa chumba cha uani. Siku za mwanzo tu nilimkuta jikoni ameinama juu ya ndizi zilizoiva mpaka zikawa nyeusi.

"Wifi, hizi mnazifanyia nini?"

"Tunatupa," nikamjibu.

"Msitupe."

Akazimenya, akaziponda kwa mkono mpaka zikawa uji mzito. Akatia sembe kidogo kidogo, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Maji hakutia hata tone. Akafunika, akaacha mchanganyiko upumzike huku akichambua maharage kana kwamba ana siku nzima. Kisha akachukua chupa ya mafuta akaimimina kwenye karai. Akaimimina! Nikasema moyoni, leo mama atamwona. Na mama alimwona kweli, maana aliingia wakati huohuo na vitenge vyake begani. Akasimama, akatazama vile vitumbua vikizama, vikipanda vyenyewe na kugeuka rangi, akasema, "Mwanangu, wewe unajua kupika." Mimi nilipimiwa kijiko, mwenzangu akaachiwa chupa.

Nilionja kimoja nikitumaini kitakuwa kibaya. Nje kilikuwa kikavu, ndani laini, kina utamu wa ndizi, na ukikila na maharage yenye chumvi huwezi kuishia kimoja. Niliumia sana kwa utamu ule.

Sasa sikiliza mkasa wenyewe. Huko kwao, mke hamkaribii baba mkwe. Hampi kitu mkononi, hali chakula mbele yake, na wakikaribia kukutana njiani yeye ndiye anayepisha. Tunduma ni mji wa malori na wageni, na wengi wetu tulikuwa tumeyalegeza mambo hayo. Wifi alikuja nayo kamili. Baba, aliyezaliwa Iyula na kulelewa na wazee wenye adabu zao, alifurahi ingawa hakusema. Mlango wa mbele ukilia tu, wifi alikuwa ameshazunguka nyuma ya jiko na kanga yake kichwani. Kwa hiyo vitumbua alivipika yeye, na aliyevipeleka sebuleni ni mimi, nikipiga goti mbele ya baba yangu na sahani ya mtu mwingine.

Jioni ya kwanza baba aling'ata, akatulia. Akaninyooshea kidole cha mafuta akasema, "Mama, vitamu hivi. Vitamu sana." Baba aliniita mama siku zote, kama wababa wengi wanavyowaita binti zao, lakini chakula hakuwahi kukisifu. Nilitaka kusema, nikanyamaza. Nikajiambia, kumbe anadhani ni mimi. Kesho yake akasema tena. Keshokutwa akasema mikono hiyo isichoke. Basi nikaanza kuingoja jioni. Mchana nilikuwa namchukia wifi kwa mkono wake mwepesi, jioni nakula sifa zake, na hizo zilinikaa vizuri tumboni kuliko vitumbua vyenyewe. Niliona ni haki yangu. Yeye alikuwa na mume, na mama yangu, na chupa nzima ya mafuta. Hizo sifa za baba angezipeleka wapi?

Lakini mwenye wivu hatosheki. Nilianza kukereka kwamba sifa ni zangu na vitumbua si vyangu. Nikataka vyote. Kufikia hapo wifi alikuwa mjamzito, moshi ulikuwa unamtoa machozi, na siku moja nikamwendea kwa sauti ya huruma ambayo hata mimi sikuizoea.

"Wifi, leo kaa pale mlangoni upate hewa. Nitakaanga mimi."

"Utaweza, wifi?"

Hilo swali nusura liniharibie ile sauti ya huruma. Nikamwambia nitaweza. Nilikuwa nimemtazama vya kutosha. Nikaponda ndizi, nikatia sembe, na mkono wangu wenyewe, bila kuniuliza, ukachukua birika ukamwaga maji ya moto kama kwenye vile vya mama. Rojo likalegea. Nikaongeza unga. Likakaza mno, nikaongeza ndizi. Karai nilitia mafuta kidogo, nikaona aibu, nikaongeza, yakapoa. Vilitoka vimekunywa mafuta, vizito, lakini rangi ilikuwa nzuri, na nikajipa moyo kwamba baba ni mtu wa njaa.

Baba alirudi. Wifi akazunguka nyuma kama kawaida. Nikapeleka sahani, nikapiga goti, nikasubiri changu.

Aling'ata. Akatafuna muda mrefu. Akakirudisha kilichobaki kwenye sahani.

"Mwenzako anaumwa?" akaniuliza.

"Hapana, baba. Yupo."

"Hivi si vyake."

Nikahisi uso unawaka. "Kumbe ulikuwa unajua ni vyake?"

"Nani hajui?" Baba alishangaa kweli, wala hakuwa ananisimanga. "Mkwe wangu simwiti nikamwambia umepika vizuri. Nitamwaibisha. Nasema kwako umfikishie. Ndivyo inavyofanywa." Akanitazama. "Siku zote hizi ulikuwa humfikishii?"

Jioni zote zile nilidhani naambiwa mimi, kumbe naambiwa nipeleke, kama ninavyopeleka sahani. Hata neno moja halikuwa langu. Na kosa la baba lilikuwa wapi? Alinisemesha kama mtoto wa watu wanaojua adabu, na mimi wa Tunduma sikuijua. Akaanza kula maharage yake bila kitu pembeni.

Nikarudi jikoni. Wifi alikuwa amesharudi kwenye kigoda, anapuliza makaa, tumbo limemzuia kuinama vizuri. Nikasema haraka, kabla sijabadili mawazo, "Baba anasema vitumbua vyako ni vitamu. Siku zote anasema. Anasema mikono yako isichoke."

Hakushtuka. Alisogeza kaa moja kwa koleo, akasema kwa upole wake uleule uliokuwa ukinikera tangu siku ya kwanza:

"Nasikia, wifi. Nikiwa pale nyuma sauti ya baba inanifikia yote. Nikaona unayapenda yale maneno, nikakuachia."

Akajisogeza, akanipa nafasi kwenye kigoda. Nikakaa. Baba wa kunizaa mimi, na maneno yake nilikuwa nayapata kwa sababu mtu wa kuja ameona aniachie.