Jiwe la Kaka Yangu Liliingia Bure, Yeye Akabaki Nje

Ndugu mhariri wa ukurasa huu, naomba ulifiche jina langu pamoja na la kijiji chetu. Ukisema tu ni upande wa Muleba inatosha, vijiji viko vingi.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, nasoma kidato cha pili katika shule ya bweni karibu na Kashozi. Si mtu wa maneno. Darasani naweza kulijua jibu, lakini sauti hainitoki mpaka mwalimu amemgeukia mwingine. Ninachoweza ni kusoma vitabu na kutunga ngonjera. Ngonjera nikiisema mbele ya watu siogopi, na hiyo ngonjera ndiyo imeniingiza matatani.

Nilipokuwa darasa la tano kijiji chetu kilijenga ukumbi. Tuliambiwa ni kazi ya kujitolea na ukumbi utakuwa wetu sote. Kila asubuhi kabla ya shule tulibeba mawe kutoka mlimani, kichwani tumeweka ngata za majani makavu ya migomba. Kaka yangu, ambaye sasa analima kahawa na baba, alibeba jiwe kubwa kuliko wote akalichonga herufi ya kwanza ya jina lake. Ukuta wa nyuma haujapigwa lipu mpaka leo, na jiwe lile linaonekana.

Kaka anapenda muziki wa roki kuliko anavyopenda kula senene wa kukaanga, na anayetujua sisi Wahaya ataelewa. Bendi za magitaa ya umeme zilipoanza kuja, tuliobeba mawe tuliingia bure. Halafu ikawa shilingi moja. Halafu mbili. Mwenyekiti wa kamati ya ukumbi ni baba yetu mdogo, na kila tukiuliza anasema, "Maendeleo yana gharama."

Likizo iliyopita ilitangazwa bendi ya vijana kutoka Mwanza, bugi, yaani dansi la Jumapili alasiri, kiingilio shilingi mbili. Kaka alikuwa nazo, zake na zangu. Tulipanga foleni tangu misa ilipokwisha. Tulipofika mlangoni baba mdogo akatangaza kwamba sasa ni shilingi tano.

"Bendi imekuja kwa meli, haikuja kwa miguu," alisema.

Mama mmoja mzee nyuma yetu akajibu, "Na sisi mawe tuliyaleta kwa meli, waitu, ndugu yetu?"

Watu wakacheka. Kaka akavua kofia, akasema kwa heshima kabisa, "Baba mdogo, jiwe langu limo humo ndani. Liliingia bure."

"Basi ungekaa ukutani pamoja nalo," baba mdogo akamjibu. "Sogea, unawazibia njia wageni."

Wageni wenyewe walikuwa wafanyabiashara wa Bukoba mjini na wakubwa waliokuja na gari la ofisi. Walipita na kadi za bure, nimewaona kwa macho yangu. Mwenye uwezo wa kulipa halipi, asiye nao anaambiwa aongeze. Shuleni tunafundishwa neno la kumwita mtu anayekula jasho la mwenzake, mnyonyaji, na mtihani wake nilifaulu vizuri. Siku ile nililiona limesimama mlangoni, limevaa suti, linanukia pafyumu, na ni ndugu yangu wa damu.

Tulizunguka nyuma. Kaka akaweka kiganja juu ya jiwe lake. Ngoma zilipoanza akaniambia, "Linatetemeka." Hakukiondoa kiganja mpaka bugi lilipoisha. Nilimchukia baba mdogo kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote.

Sasa bendi ile inarudi likizo ijayo, na nasikia kiingilio kitapanda tena. Siku chache kabla sijarudi shule, baba mdogo alikuja nyumbani. Nilipiga magoti kumsalimu kama inavyopasa, akanikalisha karibu naye. Anataka nitunge ngonjera ya kuwapokea wageni, niisifu kamati na jinsi ukumbi unavyowahudumia wananchi. Mimi na kaka tutapewa kadi za bure, viti vya mbele.

Nikainuka kwenda kumletea kahawa. Akasema, "Usisahau nani alimwambia baba yako uende sekondari."

Ni kweli. Baba alitaka niolewe, na ni yeye aliyemzuia. Alilomwambia baba likamwingia, na anaweza kumwambia lingine.

Kaka kadi ameikataa. Aliniambia tukiwa shambani, bila kuinua uso, "Wewe nenda, usiniangalie mimi. Lakini ukiisema hiyo ngonjera, iseme kwa sauti. Nitakuwa ukutani nasikiliza."

Nimetunga ngonjera mbili na zote nimezihifadhi kichwani. Ya kwanza inasifu, na inanirudisha shule salama. Ya pili inawauliza wageni kama wanajua viti vyao vimezungukwa na mawe ya nani, na mwenye jiwe yuko wapi saa hii. Mama nimeshindwa kumwambia, na padre ni rafiki wa baba mdogo.

Ndugu wasomaji, nishaurini kabla shule hazijafungwa. Nikisimama pale, kaka yangu akiwa upande wa pili wa ukuta, nitamke ipi?