Mume wa Kamati

Mume wangu aliletwa Sydney na kamati. Naanza na hilo kwa sababu kila nikigombana naye, ndugu zake wa Morogoro hunikumbusha kuwa yule si mali yangu peke yangu. Mjomba wake mmoja hudai goti la kulia ni lake, alilichangia kwa jasho, na ndiyo maana hataki kusikia kwamba tunacheza mpira bustanini.

Tulifunga ndoa bomani, mwezi wa kwanza wa mwaka ule ambao baadaye ulifunga kila kitu. Nilikuwa nimekwenda nyumbani likizo. Mashahidi wawili, saini, soda, basi. Kila mtu alisema hiyo ni ndoa ya karatasi tu. Harusi yenyewe, ya ukumbi na keki na MC asiyejua kunyamaza, ingefanyika katikati ya mwaka. Nikarudi Mount Druitt, pembeni mwa Sydney, kwenye kazi yangu ya kutunza wazee, na huku nyuma upande wa mume ukaunda kamati.

Kwetu harusi ni shughuli ya kamati. Mwenyekiti alikuwa baba yake mdogo, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa kugonga meza kabla ya kusema hata kama meza haipo. Mweka hazina alikuwa shangazi yake, muuza vitenge sokoni, mwanamke ambaye ukimwahidi mchango Jumatatu, Jumanne anapita dukani kwako kukusalimia, na Jumatano anapita tena. Kufikia mwezi wa tatu, kapu la harusi lilikuwa limejaa.

Ndipo korona ikaingia na mipaka ikafungwa. Australia haikuzuia wageni kuingia tu, hata sisi wakazi tulizuiwa kutoka. Bibi harusi nikawa nimefungiwa huku, bwana harusi kule, na kule maisha yanaendelea, watu wanakusanyika na kula ubwabwa kama kawaida. Njia iliyobaki ilikuwa moja: mume aombe viza ya mwenza, kwani mwenza mwenye viza aliruhusiwa kuingia. Lakini ada ya viza hiyo ni bei ya gari dogo lililotumika, na inalipwa yote kwa mkupuo. Waliotutangulia walituonya kwamba kila Julai hupandishwa, kwa hiyo tulipe kabla Juni haijaisha.

Mimi pesa hiyo nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeidunduliza zamu kwa zamu. Nikampigia simu kwa furaha.

"Nibonyeze tu hapa," nikamwambia, "kesho uanze kusubiri."

"Hapana. Nitalipa mimi."

"Kwa mshahara gani, mwalimu?"

"Nitatafuta. Ukinilipia wewe, mke wangu, utakuwa umenitolea mahari. Nitakuja huko kama nani?"

Mimi si mtu wa subira. Nilikata simu, nikaosha vyombo vyote, hata vile visafi. Jirani yangu, mama wa Kirundi aliyekulia kambini Kigoma, alisikia makelele ya sufuria akaja kuuliza kuna nini. Nilipomweleza, alicheka hadi akakaa chini.

"Dada, usimkasirikie. Huyo mwanaume iko na aibu yake nzuri. Wengine wangekuambia, lipa, na unitumie ya viatu."

Nilijua anasema kweli, na nikazidi kukasirika. Nilimtaka mume wangu jikoni kwangu, si aibu yake nzuri.

Siku chache baadaye yeye mwenyewe akaja na wazo. Pesa za harusi zipo kwa shangazi, ukumbi hautumiki, basi kamati ilipe viza. Mwenyekiti akaitisha kikao kwa simu ya video, Jumamosi saa nne asubuhi kwao, saa kumi na moja jioni kwangu. Nilijifunga kitenge juu ya sare ya kazi, nikaegemeza simu kwenye chupa ya mafuta, na jirani yangu akakaa pembeni asionekane, na bakuli la karanga.

Kikao kilikwenda kwa taratibu zote. Sala ya kufungua. Kusoma muhtasari. Yatokanayo. Mume wangu alitoa hoja yake vizuri, kwa sauti ya darasani, na alipomaliza watu wote waliganda. Nilidhani ni mtandao.

"Mwanangu," shangazi akasema hatimaye, "hii pesa imechangwa iliwe. Kuna mtu kanipa ya kwake huku akinihesabia vipande vya nyama atakavyokula. Nikamwambie nini? Kwamba nyama yake imekwenda serikalini Australia?"

"Na kuna jambo la utaratibu," mwenyekiti akaongeza, akagonga kitu. "Kamati haivunjwi bila sherehe. Tukilipa viza, sherehe hakuna, basi hii kamati itakuwa hai milele. Tutakuwa tunakutana kila Jumamosi mpaka lini?"

Mjomba mwenye goti lake akapendekeza harusi ifanyike vilevile, bibi harusi awekwe picha. Wengine wakaanza kujadili ukubwa wa picha. Jirani yangu alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Hii komite yenu," alininong'oneza, "iko na nguvu kupita guverinoma, kupita serikali."

Mimi nilikuwa namwangalia mume wangu kwenye kile kidirisha chake kidogo. Alikuwa ameinamisha kichwa. Akasema taratibu, si kwa sauti ya darasani tena, "Mimi ukumbi siutaki. Namtaka mke wangu." Na hakuna aliyemsikia, maana walikuwa wamefika kwenye fremu ya picha.

Nikafungua sauti. Nilikuwa nimekusudia kuwaka moto. Lakini mwanamke hawezi kuingia kwenye kikao cha wakwe bila kusalimia, nikasema "Shikamooni", na wote kwa pamoja wakaitikia "Marahabaa, mama, hujambo huko?" Tatizo la shikamoo ni hilo. Ukishaitoa, hasira inakosa pa kupitia.

"Sijambo," nikasema. Kisha maneno yakanitoka kabla sijayapanga. "Shangazi, nyama nitanunua mimi."

"Nyama ipi?"

"Ya kamati. Ng'ombe, mchele, soda, vyote. Nyinyi mlipieni mwenzangu viza, mimi niwalishe."

"Wewe utulishe sisi?"

"Kwani mimi si mke wenu? Mke akiwapikia wakwe kuna aibu gani?"

Jirani yangu akanivuta kitenge. "Dada, si ni pesa ileile?"

Ilikuwa ileile kabisa. Dola zangu zingekwenda Morogoro kununua ng'ombe, shilingi zao zingekuja Australia kununua mume, na pesa hizo zingepishana njiani bila hata kusalimiana. Ningeweza kulipa viza kwa dakika tano nikiwa nimelala kitandani. Lakini sasa mwanaume angekuja akiwa amelipiwa na ukoo wake, na ukoo ungekuwa umelishwa na mke wao, na kila mtu angeweza kupita sokoni kichwa juu. Mwenyekiti akauliza nani anaunga mkono hoja. Mikono ikajaa kwenye simu yangu.

Shangazi peke yake ndiye aliyeweka sharti. "Tutakula, sawa. Lakini kamati haivunjwi siku ya kula. Mimi hesabu nafunga nikishaona tulichonunua kimefika."

Wiki ya mwisho ya Juni kadi ya benki ya mume wangu ilikataa. Ikakataa tena. Kumbe kadi ina kikomo cha kutoa kwa siku, na ada ile ilikuwa mbali kabisa juu ya kikomo hicho. Mimi huku nakula kucha, kwani saa zangu ziko saba mbele ya zile za Morogoro, na Julai ilikuwa inaanzia kwangu. Shangazi akafunga duka, akaenda naye benki. Nasikia mhudumu alipouliza sababu ya kuongeza kikomo, mume wangu alijibu kwa unyenyekevu "malipo ya nje", shangazi akamsogeza pembeni na kuwasimulia watu wa foleni nzima, wenye barakoa na wasio nazo, kwamba huyu kijana ameoa Australia na Waaustralia hawatoi mtu kwa mkopo. Kikomo kikaongezwa.

Nilikuwa kituo cha basi nikitoka kazini picha ya risiti ilipoingia. Nilipiga kigelegele, kimoja kirefu, peke yangu, katika baridi ile. Bibi mmoja wa Kizungu aliyekaa benchi akaniuliza kama niko salama.

"They've paid for my husband," nikamwambia.

Alifikiri kidogo. "Good on them, love," akawapongeza, na basi likaja.

Nami nilitimiza langu. Karamu ilifanyika uani kwa mwenyekiti, na nikahudhuria kutoka jikoni kwangu. Waliweka simu ya katibu juu ya kiti cha heshima, wakaivisha kitenge na shada la maua. Wakati wa kulishana keki, mume wangu akakata kipande, akanisogezea, akaipaka simu ya katibu krimu yote. Upande wangu jirani alikuwa tayari na keki aliyoinunua Bankstown asubuhi ileile, akanilisha kipande kikubwa kuliko mdomo wangu. Kule wakapiga vigelegele. Kisha shangazi akaja karibu na simu, akifuta krimu kwa kidole, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Umeshiba, mwanangu?" Nililia. Sikuwahi kuulizwa hivyo tangu nihamie nchi hii.

Baada ya hapo tulisubiri, na kamati, kwa kuwa ilikuwa hai, ilisubiri pamoja nasi. Walikutana kila Jumamosi kama walivyotishia. Ajenda ilikuwa moja, mume wangu akiulizwa kama kuna barua, akijibu hakuna, wanahamia mengineyo, na mengineyo yao yalikuwa marefu. Mimi niliyekuwa nikiwacheka, nilianza kubadilishana zamu na wenzangu ili nisikose kikao.

Viza ilitoka mwaka uliofuata, majani yakiwa yanapukutika. Akapata ndege, akatua, na polisi wakampeleka moja kwa moja hotelini katikati ya jiji kukaa karantini ya wiki mbili, nyuma ya madirisha yasiyofunguka. Nilipanda treni kutoka Mount Druitt nikasimama kando ya barabara, shingo nimeielekeza juu, nisijue dirisha lipi ni la kwangu. Saa tisa alasiri kwangu, saa mbili asubuhi kwao. Kamati nzima ilikuwa kwenye simu, na mume wangu pia.

"Toa kile kitenge," shangazi akamwamuru, maana alikuwa amemfungashia kimoja cha dukani kwake.

Ghorofa za juu kabisa, kitenge chekundu kikaanza kupepea nyuma ya kioo, na nyuma ya kitenge mtu mdogo mwembamba. Nikaruka. Nikaruka tena, mfuko wa chapati mkononi, watu wakinipisha.

"Geuza simu yako, mwanangu, na mimi nimwone."

Nikaigeuza, nikaielekeza juu.

"Mbona mdogo hivyo?" akasema mjomba.

"Yuko mbali, mjomba."

"Sisi tulituma mtu mzima!"

Watu wakacheka, na katikati ya vicheko nikamsikia shangazi hacheki. Alikuwa anapumua tu, karibu sana na simu, kama mtu anayehesabu. Mume wangu alikuwa amebandika kiganja kwenye kioo.

"Mwenyekiti," shangazi akasema, na sauti yake haikuwa ile ya sokoni. "Amefika. Nimemwona. Andika."

Mwenyekiti akagonga meza, akatangaza kwamba hesabu zimefungwa na kamati imevunjwa rasmi, akamwomba mmoja atufungie kwa sala. Tuliinamisha vichwa, wao Morogoro, yeye juu, mimi barabarani. Tukasema amina.

Hakuna aliyekata simu.