Siku Koko Alipolima Maua ya Mzungu

Kuna kazi moja niliyoitaka maishani kuliko zote, na koko wangu, yaani bibi yangu, aliimaliza kwa jembe kabla sijavaa viatu.

Nianze mwanzo. Miaka ya hamsini nilikuwa kijana wa chumba cha giza katika duka la picha la Mgiriki mmoja, katikati ya Kisangani, hatua chache kutoka bandarini. Kazi yangu ilikuwa kuosha filamu na kutoa picha za wazungu: wazungu ndani ya mashua, wazungu na mbwa wao, wazungu wamesimama kando ya chui aliyekufa kana kwamba wao ndio waliomzaa. Nilinuka dawa ya picha hata siku ya Idi. Mteja mmoja tu ndiye niliyempenda, mtafiti wa kituo cha mimea cha Yangambi, kwa sababu picha zake hazikuwa na wazungu. Zilikuwa na majani. Kila alipopanda na boti kuja mjini alileta filamu za majani, matunda na maua. Picha zikishakauka alizisogeza karibu na pua, akazitazama moja baada ya nyingine, akasema nina mkono mzuri.

Siku moja aliniambia kwamba kule Yangambi wanatafuta mtu wa kupiga picha za mimea. Kuna nyumba ya matofali, kuna baiskeli. Nikamjibu kwamba mtu huyo ni mimi. Alicheka, akanipa filamu moja ya picha nane na sharti moja: nimletee maua ya porini, kila ua mahali lilipoota, bila mkono wa mtu kuligusa. Juma likiisha angerudi kuona. Alisema huko kwao Ulaya huu ndio wakati baridi inapokwisha na maua yanatoka ardhini yenyewe. Sisi hatuna baridi ya kwisha, lakini mwezi wa tatu mvua zinaporudi mambo ni yaleyale, ila na matope.

Mimi nilijua pa kwenda. Ng'ambo ya mto, karibu na maporomoko, kuna uwanja ambapo zamani watu wetu, Waungwana waliotoka Maniema pamoja na mabwana zao Waarabu, walipigana na askari wa serikali ya wazungu, wakashindwa. Tangu siku ile hakuna aliyelima pale. Nani atake kuchimba muhogo akutane na mbavu za mtu? Basi maua yalijitawala. Jumamosi nilivuka kwa mtumbwi kwenda kupaangalia, nikakuta maua mekundu ya duara, makubwa kama vichwa vya watoto wachanga, yamechomoza kutoka kwenye udongo karibu bila majani. Mengine yalipanda vichaka yakiwa na ncha za manjano, na chini kulikuwa na meupe madogo nisiyoyajua jina hata leo. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Tayari nilijiona juu ya baiskeli.

Mdomo uliponza kichwa. Jioni ile, tukila pondu ya majani ya muhogo na samaki, nilishindwa kujizuia. Nilimweleza koko, mama yake mama yangu, na mama mukubwa, dada mkubwa wa mama, kwamba kesho nitapiga picha pale mahali pa vita, na mzungu akizipenda zitakwenda hadi Bulaya, watu wasomi wazitazame kwa miwani. Sikutaja kwamba ni picha za maua. Niliona haya. Mwanamume mzima, nimelelewa kwa taabu, halafu ninapanda mtumbwi kufuata maua!

Koko aliacha kula. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Batu ya Bulaya bataona ile fasi?"

Nikamwambia wataiona sehemu ile yote, vizuri kabisa. Aliosha mikono akaenda kulala, nami nikadhani samaki hakumpendeza.

Hapa lazima mjue kwamba baba yake koko alikufa katika uwanja ule. Tulilijua jambo hilo nyumbani kama mtu anavyojua jina la ukoo wake, yaani bila kulifikiria. Koko alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi siku ile. Mama yake alimshika mkono wakakimbia, na baba akabaki. Hakuna aliyerudi kumzika. Zaidi ya hayo koko hakusema, na sisi hatukuuliza.

Jumapili nililala mpaka jua likatoka, kwa sababu picha hutaka mwanga. Nilipoamka nyumba ilikuwa kimya. Majembe hayakuwepo, mapanga hayakuwepo, hata ufagio haukuwepo. Nilidhani wanawake wamekwenda shamba, nikawaonea huruma kidogo, nikavaa shati jeupe, nikabeba kamera niliyoazima kwa Mgiriki. Mpiga kasia aliyenivusha aliniambia kwamba alfajiri amevusha wanawake watatu wenye sauti kubwa, na beseni la nguo. Bado sikushtuka. Mtu anayejiona juu ya baiskeli hashtuki upesi.

Nilichoona kwanza ni moshi.

Uwanja ulikuwa umelimwa. Si umelimwa tu, umefagiwa, unang'aa kama uwanja wa nyumba inayongoja wakwe. Udongo mtupu, mwekundu, na mistari ya ufagio imepangwa sambamba kutoka upande huu hadi ule. Pembeni lilikuwa fungu la majani linaungua, na ndani ya moto nikayaona yale maua ya duara yanakunjana. Mimea iliyosalia ilikuwa tondolo na mti mmoja wa pilipili, kwa sababu tondolo hutoa tunda na pilipili huingia chunguni, na hakuna mwanamke wa kwetu anayeng'oa kitu kinacholiwa. Bila shaka tondolo haikuwa na ua hata moja.

Mama mukubwa alijipangusa jasho kwa ncha ya kitenge.

"Bon. Sasa unaweza kupiga. Iko propre, safi kabisa."

Nilipandwa na hasira. Nikawaeleza kwamba nilichokuja kupiga ni yale yaliyomo motoni. Jirani yetu, yule mwanamke wa tatu, aliuliza taratibu kama mzungu huyo ana akili timamu. Mama mukubwa alisema maua gani, palikuwa na pori tu hapa, na nyoka wawili amewaua kwa mkono wake. Kama ninataka, niwapige picha hao nyoka.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini wale wanawake walijaribu. Waliponiona nimekaa chini na shati langu jeupe waliingiwa na huruma, wakachakura lile fungu, wakatoa maua yaliyokuwa hayajaungua, wakayachomeka ardhini. Wakayapanga kwa mstari, marefu nyuma na mafupi mbele, kama wanafunzi wa misheni. Moja lilikuwa limepoteza shina, mama mukubwa akalifunga juu ya mti wa pilipili, akasema hakuna atakayejua.

Nikapiga. Ningefanya nini? Nilijiambia mzungu ana macho mabovu. Lakini kila nilipoinama, mwanamke mmoja alikuwa ndani ya picha. Lile beseni la nguo lilikuwa na vitenge vyao vya sikukuu. Walikuwa wamebadilisha nguo nyuma ya kichaka cha pembeni, na kwao kamera iliyofunguliwa mbele ya majani peke yake ilikuwa hasara, sawa na kupika chungu kizima bila kualika mtu. Nikifukuza mmoja kulia, mwingine aliingia kushoto, akasimama wima, mikono mapajani, uso wa msiba. Hivyo ndivyo filamu ilivyokwenda, mpaka ikabaki picha moja.

Hapo ndipo nilipoliona. Nyuma ya kisiki, mahali jembe halikufika, lilisimama ua moja jekundu, duara kamili, na tone la maji bado limelala juu yake. Halikuguswa na mtu. Niliapa kwa moyo wangu kwamba ua lile lina thamani ya nyumba ya matofali. Nilipiga magoti, nikashika pumzi.

"Umebakisha ngapi?" koko aliniuliza kwa nyuma.

Nikasema moja, na asilisogelee lile ua. Koko hakuwa mtu wa picha. Aliona siku moja picha ya mume wake kwenye kitabu cha utambulisho, akasema serikali imemwibia shingo, na tangu siku hiyo alikimbia kamera. Kwa hiyo sikuelewa alipokuja mbele yangu, ufagio mkononi, akasimama kati yangu na ua langu.

"Piga papa yangu," alisema.

"Baba yako? Iko wapi, koko?"

Alionyesha kwa ufagio. Palikuwa ni udongo tu, pale katikati, palipofagiwa vizuri kuliko kwingine kote.

"Iko hapa. Toka ile siku alikuwa ndani ya majani. Leo iko mutu."

Nitasema ukweli: sikufurahi. Nilimpenda koko, lakini kwa dakika ile ningeweza kulia kwa ajili ya baiskeli. Nilitazama kisiki, nikamtazama yeye. Alikuwa ameinamisha kichwa, anakitengeneza kitambaa chake mabegani kama mtu anayetaka kuingia nyumba ya mkubwa. Damu nzito kuliko maji, wanasema, na mimi naongeza kwamba ni nzito hata kuliko matofali. Nikageuza kamera, nikapiga udongo.

Mtafiti aliporudi alizitazama picha zangu zote hapo juu ya meza ya Mgiriki. Alikuwa mtu mpole. Alizipanga, akauliza wale wanawake ni akina nani, kisha akaweka kidole juu ya moja, akaniambia kwa Kifaransa, kwa huruma kabisa, kwamba hili si ua, huyu ni mama yako mukubwa. Kwenye picha ya mti wa pilipili alikaa muda mrefu, akauliza umetoka wapi, nikasema umekufa. Ile ya mwisho aliigeuza juu chini, akanirudishia. Kazi alipewa kijana mmoja wa Isangi, mtu wa mtoni, ambaye nadhani hakuwa na mama mukubwa. Nilinuna mwezi mzima, na hata sasa nikiona baiskeli ya rangi nyeusi moyo unanigonga kidogo.

Picha ya udongo nilimpa koko. Aliifunga katika kitambaa cheupe, akaiweka pamoja na tasbihi yake, na kila mgeni aliyekuja nyumbani, akishakunywa chai, alifunguliwa kitambaa. Koko alisema, huyu ni papa yangu. Mimi nilikuwa nikitoka nje, kwa sababu sikujua nitazame wapi. Lakini siku moja alikuja mama mmoja mzee kutoka Kivu, mfanyabiashara, mwenye adabu zake, na sikupata nafasi ya kutoka. Alipokea ile picha kwa mikono miwili. Aliitazama, akaisogeza kwenye mwanga, akaitazama tena, kisha akainua macho akamtazama koko kwa makini.

"Munafanana," alisema.

Koko akamjibu kwamba ni kweli, hasa hapa kwenye paji la uso.