Mimea Iliyoungua Siku ya Sabato

Jumapili asubuhi nilikuta mimea yangu kumi na miwili imekuwa myeupe kama karatasi.

Haukuwa ugonjwa. Lilikuwa jua.

Mimi ni msichana wa Birongo. Shule niliachia darasa la sita, na kuongea mbele ya watu kunanishinda. Lakini mimi na udongo tunaelewana.

Nilikuwa nafanya kazi Suneka kwa Mama Bathsheba, anayeuza mimea ya kuweka ndani ya ofisi. Udongo nilichanganya mimi: ule mweusi wa chini ya migomba, samadi iliyooza vizuri, na minyoo yake. Udongo ulio hai.

Wiki hiyo nilikuwa nimehamishia ile kumi na miwili kwenye vyungu vikubwa, bila kukung'uta mizizi. Mmea ukihamishwa ni kama mama aliyetoka kujifungua. Unakaa kivulini, mwanga unauongezea kidogo kidogo.

Hayo ya kivuli na mwanga nilimfundisha Linda, binamu yangu. Kazi nilimtafutia mimi. Tulilala kitanda kimoja.

Mama Bathsheba alikuwa anafungua duka Nyakoe. Aliniahidi, "Nyakerario, hii mimea ikishika vizuri, Nyakoe utasimamia wewe."

Sasa kikaumana.

"Nani alitoa mimea juani?" Mama Bathsheba aliuliza.

"Ni yeye, auntie," Linda akajibu haraka, akininyooshea kidole. "Jana saa sita. Nilimwambia itaungua, akasema najifanya msomi."

Jana.

Jana ilikuwa Sabato. Sisi Waadventista hatushiki jembe tangu Ijumaa jua likizama. Linda ni Mkatoliki, ndiye hubaki na mimea. Saa sita mimi nilikuwa kanisani, benchi la tatu.

Na aliyekaa kando yangu alikuwa Mama Bathsheba mwenyewe.

Nikangoja aseme. Alikuwa anakunja leso yake, anaikunjua, anaikunja tena.

Nikajilazimisha. "Mama, jana si tulishika kitabu kimoja cha nyimbo?"

"Najua," akasema polepole. "Lakini wateja wa Nyakoe wanataka mtu wa kuwaeleza. Wewe hata saa hii unaongea na viatu."

Hata Linda alishtuka. Kisha akanyoosha mkono, akapokea ufunguo wa Nyakoe kutoka kwa Mama.

Niliomba kitu kimoja tu, ile mimea.

"Beba. Hiyo ni takataka."

Niliipanga chini ya migomba ya nyumbani. Sikukata jani, sikuongeza mbolea. Nilitia maji kidogo, nikaiacha na minyoo yake. Wiki ya nne, tisa ikatoa chipukizi.

Wiki hiyohiyo Linda akapiga simu. "Nyake, mimea ya Nyakoe inageuka njano. Ule udongo ulikuwa unachanganya aje?"

"Muulize Mama," nikamwambia. "Yeye hujua mambo. Husema tu akitaka."

Jani lililoungua halirudi kuwa kijani, hata ulimwagilie mwaka mzima. Liache lianguke, uangalie chipukizi.

Linda nilimsamehe mapema, kwa sababu alisema uongo ili apate kazi ya Nyakoe. Yule aliyejua ukweli akakunja leso, huyo bado namkuta benchi la tatu kila Sabato.

Siku hizi nabeba kitabu changu mwenyewe.